Kitenzi Kisicho na Mwenyewe

Karatasi ilikuwa na kurasa nne tu, na Heini Vuorela alikuwa ameshaisoma mara kumi na moja. Mara ya kwanza aliisoma kama mwalimu. Mara kumi zilizofuata aliisoma kama mwanamke, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Ilikuwa tarehe thelathini Aprili, saa saba mchana, na chuo kizima kilikuwa kimeshatawanyika kwenda kusherehekea Vappu, sikukuu ya Wafini ya Mei Mosi. Korido iliyozoea vurugu ilikuwa kimya hata friji ya chumba cha kahawa ilisikika ikinguruma. Mezani, kando ya ile karatasi, palikuwa na andazi la sukari ambalo Pirjo wa ofisi ya masomo alimletea tangu asubuhi. Heini hakuligusa. Andazi la sikukuu linaliwaje peke yako, sukari imekujaa mdomoni na hakuna hata mtu wa kukucheka?

Mlangoni palikuwa na kibao kilichoandikwa "Kliniki ya Uandishi", na kweli watu waliingia humo wakiwa hoi. Kwa miaka tisa Heini alikuwa akiwapokea: wasichana waliolizwa na orodha ya marejeo, vijana walioandika ukurasa mzima bila nukta hata moja, akina mama waliorudi shule na watoto watatu na woga wa koma. Aliwatibu wote, wakaenda zao. Walipomaliza walimletea chokoleti wakamkumbatia, na mwaka uliofuata wakikutana naye dukani walimtazama wakijaribu kukumbuka walimwona wapi. Hakuwalaumu. Katika jengo alilokaa, kwenye orodha ya zamu za sauna, chumba cha mvuke cha wapangaji wote, iliyobandikwa chini ya ngazi, zamu yake ilikuwa Ijumaa jioni, na mbele ya jina lake pameandikwa: mtu mmoja.

Halafu akaja Jouni Kallunki.

Alikuja mwaka jana, siku ya Jumatano saa nane. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na tatu, mabega mapana, sauti ya mtu aliyezoea kuongea katikati ya mashine. Alifanya kazi kiwanda cha karatasi miaka ishirini na mmoja mpaka kikafungwa. Mkewe alikuwa ameondoka hata kabla ya kiwanda. Sasa alikuwa anasomea kuuguza wazee. Akaitoa insha yake mfukoni, imekunjwa mara nne, akaiweka mezani kwa woga.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimetengeneza karatasi maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kazi yenyewe ni kuijaza."

Heini alicheka mpaka akaona haya. Sentensi ya kwanza ya insha ile ilisema: "Mimi nilikuwa naogopa sana wazee." Akamweleza kwa upole kwamba chuoni watu hawaandiki hivyo. Msomaji hakutafuti wewe, analitafuta jambo. Jiondoe.

"Nijiondoe niende wapi?"

"Nyuma ya kitenzi."

Na hapo ndipo ugonjwa wa Jouni ulipojulikana. Kifini kina namna ya kusema jambo bila kumtaja anayelifanya: kunaliwa, kunalalwa, kunahamwa. Vitabuni maana yake ni kwamba watu fulani, wowote wale, wanafanya hivyo. Lakini midomoni mwa watu neno hilohilo ni "sisi", na ukilisema kwa sauti ya kubembeleza linakuwa "haya, twende". Kila mtu huongea hivyo barabarani, na kila mwalimu hukukata alama ukiandika hivyo. Jouni alizichanganya maana zote tatu ukurasa kwa ukurasa. "Wodini kunaamkwa saa kumi na mbili." Nani anaamka, wagonjwa, wauguzi, au sisi sote tuamke? Kila Jumatano Heini alipiga mstari kwa penseli yake ya kijani, akaandika pembeni neno moja: Nani?

Wakakiita kitenzi kisicho na mwenyewe, ikawa utani wao.

"Kunanywewa kahawa?" Jouni angeuliza, kichwa tu kimeingia mlangoni.

"Nani?" Heini angejibu, huku ameshasimama kutafuta vikombe.

Uchumba wao wote ulikuwa huo, kama huo ni uchumba. Saa moja kwa wiki, meza katikati yao, mlango wazi. Mara moja tu, mwezi wa pili, Heini aliinama kumwonyesha koma na nywele zake zikamgusa Jouni shavuni. Wote wawili wakaitazama ile koma kwa muda mrefu sana. Kisha Jouni akasema theluji itanyesha tena, na Heini akakubali kwamba itanyesha.

Sasa tasnifu ilikuwa imepita, na kilichobaki kilikuwa mtihani wa ukomavu. Mwanafunzi huingizwa chumbani, hupewa karatasi moja ya mistari iliyokunjwa ikawa na kurasa nne, akaandika kwa mkono kuhusu tasnifu yake, msimamizi akimwangalia, ili ijulikane kama amekomaa katika fani na katika lugha. Mkufunzi wa fani huipitishia macho tu akatia sahihi, na chuo kizima kinajua kwamba hafiki ukurasa wa nne. Anayeisoma neno kwa neno, kwa idara yote ya uuguzi, ni Heini.

Simu ikalia.

"Heini, mpenzi, ni mimi," alisema Pirjo. "Orodha ya wanaohitimu Mei naifunga saa tisa kamili. Nimebakiwa na mstari mmoja, Kallunki. Kapita au hakupita?"

"Bado naisoma."

"Bado unaisoma! Kurasa nne, wiki mbili? Kaandika Biblia?"

"Saa tisa haijafika, Pirjo."

"Haya. Lakini saa tisa na dakika moja mimi niko uwanjani na kofia yangu kichwani, usinitafute."

Heini aliiweka simu chini, akaitazama pembe ya juu ya ukurasa wa kwanza. Pale, kwa penseli ya kijani, aliandika siku tatu zilizopita: Irudiwe.

Mtihani wa marudio ulikuwa mwishoni mwa Agosti. Jouni alikuwa ameahidiwa kazi katika nyumba ya wazee kwao Kemijärvi, kaskazini kabisa, ianze tarehe mosi Juni, na bila cheti kazi ile ingekwenda kwa mwingine. Angebaki hapa Kouvola majira yote ya joto. Pengine na vuli. Zingekuwapo Jumatano nyingine. Heini alijiambia kwamba makosa ni saba na saba ni mengi, lakini kanuni aliijua vizuri kuliko mtu yeyote chuoni kwa sababu aliiandika yeye: kosa moja likirudiwa mara saba linahesabiwa moja.

Mlango ukagongwa.

"Kunaingiwa?" aliuliza Jouni. Mkononi ameshika kofia yake ya sufu ya kijivu.

Heini alipaswa kujibu "Nani?", lakini neno halikutoka. Jouni akasimama pale mlangoni, tabasamu likamwondoka kidogo kidogo.

"Kaa, Jouni."

"Mbona umenuna hivyo? Leo sikukuu." Akaketi. Miaka ishirini na mmoja ya kusoma vipimo vya mashine kutoka upande wowote ilimfanya asome maandishi ya juu chini bila shida, na macho yake yakaenda moja kwa moja penye kijani. "Hapo pameandikwa nini?"

"Bado haijawa rasmi. Nilitaka tuzungumze kwanza."

"Pameandikwa 'Irudiwe'."

"Ndiyo."

Jouni hakupaza sauti. Heini angependa apaze. Aliizungusha kofia mikononi, mara moja, mara mbili.

"Mama ana miaka themanini na moja," alisema. "Jumapili alimwuliza dada yangu Aila, 'Binti, wewe ni wa nani?' Aila amekaa naye miaka sita bila likizo. Kule nyumba ya wazee wananingoja mimi mpaka tarehe mosi, na nilikuambia hivyo hapa hapa, kwenye kiti hiki."

"Makosa ni saba, Jouni."

"Nisomee."

"Unayajua. Ni yale yale."

"Nisomee hivyo hivyo, mwalimu. Mgonjwa ana haki ya kujua anaumwa wapi."

Heini akaivaa miwani yake na kuanza. "'Asubuhi kunanawishwa wazee kwa haraka mno.' Nani? 'Jioni kunasahauliwa kuwasalimu.' Nani? 'Kunadhaniwa hawasikii.'" Sauti yake ilikuwa ya darasani, kavu, na alijichukia kwa sauti hiyo. Alisoma la nne, la tano, la sita. Akafungua ukurasa wa nne.

"La saba," alisema Jouni.

"Umesikia ya kutosha."

"La saba, Heini."

Heini akasoma. "'Mwezi wa sita kunahamiwa Kemijärvi.'"

"Na pembeni umeandika nini?"

"Nani."

Nje, mahali fulani kuelekea mjini, watu walikuwa wanaimba wimbo wa wanafunzi, tayari wamelewa nusu. Jouni aliinama, viwiko magotini, akawa anaongea na zulia.

"Karatasi hizi anazisoma nani?"

"Mimi."

"Nani mwingine anayefika ukurasa wa nne?"

Heini akaisogeza penseli pembeni.

"Hakuna," Jouni akajijibu. "Nilimaliza kuandika mapema. Tasnifu yangu ni habari za wazee kula na kulala, Kemijärvi inaingiaje humo? Nilikaa dakika ishirini na tano kalamu mkononi. Msimamizi alinijia akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia hapana, nabuni. Halafu nikaandika mstari ule mmoja. Halikuwa kosa, Heini. Nilikuwa nakuambia twende."

Heini akaivua miwani, akaivaa tena.

"Ungeniambia kwa mdomo," alisema taratibu. "Jumatano zote hizo. Mlango huo uko wazi."

"Kwa mdomo mimi najua kahawa na hali ya hewa. Unanijua. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, nikaona basi nitakuandikia." Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Tatizo umenifundisha kujificha. Mwaka mzima, 'jiondoe Jouni, jiondoe Jouni.' Nimejiondoa vizuri mpaka hata wewe hukuniona."

Hapo ndipo Heini angeweza kusema uongo. Ulikuwa tayari umepikwa, umepakuliwa: kwamba hakuelewa, kwamba alidhani ni Jouni na dada yake, kwamba lugha ni kitu kigumu. Jouni angeuamini, wangecheka wote wawili, na mambo yangekwisha vizuri. Lakini mwanamke huyu alikuwa na ubaya mwingi wa kujificha na hakuwa na ule wa kudanganya.

"Nilikuona," alisema.

Jouni akainua kichwa.

"Nilipolisoma mara ya kwanza penseli ilisimama. Nikajiambia ni yeye na Aila. Nikalisoma tena, nikajiambia ni mimi. Nililisikia kwa sauti yako, Jouni, kama unavyolisema mlangoni. Nilikaa hapa mpaka mlinzi akaja kufunga."

"Ukaliona. Halafu ukaandika 'Nani'."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliogopa." Akavuta pumzi. "Nilipokuwa na miaka ishirini na tisa nilimfuata mwanamume mpaka mji wa Vaasa. Niliacha kazi, nikaacha nyumba, nikagawa hata sahani. Miezi kumi na minne baadaye nilirudi kwa mama na masanduku mawili na chungu cha maua. Mama hakunisema. Alinipikia supu ya samaki, na nilipomaliza akaniambia, 'Mwanamume akikutaka, atahamia ulipo wewe.' Mpaka leo nikimpigia simu kumwambia jambo lolote la mwanamume, ananiuliza kwanza, 'Anaishi wapi?'"

"Na mimi ulimwambia naishi wapi?"

"Sikumwambia habari zako kabisa. Nilizihifadhi."

Uso wa Jouni ulikuwa umelainika kidogo, na Heini akaona nafasi ya kuacha hapo, asiseme tena. Lakini Jouni alikuwa mwepesi kuliko insha zake.

"'Nani' nimeielewa," alisema. "Woga naujua. Na hii ya juu? 'Irudiwe'?"

"Makosa..."

"Heini."

"Ukirudia mtihani unabaki," alisema Heini, na machozi yakaja bila kuombwa. "Nilitaka ubaki. Nakupenda, Jouni. Nakupenda tangu uliponiuliza ujiondoe uende wapi. Jumanne usiku silali vizuri kwa sababu kesho yake ni Jumatano, na Alhamisi naamka sitaki kuvaa. Kushika mkono wako sikuthubutu. Kitu nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa penseli, nikaitumia."

Miezi yote ile alikuwa ameyawazia maneno hayo yakisemwa. Katika mawazo yake Jouni kila mara aliizunguka meza. Sasa yamesemwa, na Jouni hakuizunguka meza. Alisimama, akasogea dirishani, akampa mgongo.

"Wiki mbili nimetembea na simu mkononi nikingoja jibu lako," alisema. "Nikiosha vyombo, iko dirishani. Nikiingia sauna, iko kwenye benchi la nje. Jumamosi Aila kanipigia, kaniuliza atandike vitanda vingapi. Nikamwambia angoje kidogo. Akasema, 'Huyo mwalimu wako wa kusini atakuja kutusahihisha mezani mimi na mama? Mwache huko huko alipo.' Nikamgombeza, Heini. Dada yangu anayemnawisha mama yangu, nikamgombeza kwa ajili yako. Nikamwambia humjui, yule si mtu wa hivyo."

"Jouni..."

"Ungeniandikia hapana pale pembeni, ningeumia nikaenda zangu, na heshima yako ingebaki. Lakini ulitaka nibaki kwa kufeli. Mama hajui binti yake, na wewe unataka nikae hapa mpaka Agosti nikisubiri kuandika tena kurasa nne, ili uwe na mtu wa kunywa naye kahawa."

Lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Akachukua kifutio. Akalifuta neno "Irudiwe" mpaka karatasi ikaota manyoya, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino: Amepita. Akatia sahihi na tarehe. Akainua simu.

"Pirjo, Kallunki kapita."

"Hatimaye!" Sauti ya Pirjo ilisikika chumba kizima. "Mwambie hongera. Na mwambie ana mwalimu mkali kuliko wote wa nchi hii."

"Nitamwambia."

Jouni alikuwa ameshavaa kofia. Akanyoosha mkono juu ya meza, mkono mpana wenye kovu la mashine kwenye kidole gumba, na Heini akaushika. Hiyo ndiyo mara ya kwanza waliposhikana mikono. Ulikuwa wa joto, mkavu, na aliuachia upesi.

"Ahsante, mwalimu," alisema Jouni.

Tangu mwezi wa kumi alikuwa hamwiti hivyo ila kwa mzaha. Leo hapakuwa na mzaha. Hatua zake zikaenda na korido, zikashuka ngazi, mlango wa chini ukajifunga, na friji ya chumba cha kahawa ikaanza tena kunguruma.

Heini alikaa. Akawaza kwamba baada ya dakika chache atavaa koti, apite dukani, anunue samaki wa kuokwa, pakiti ya mtu mmoja. Kesho mji mzima utakuwa na mandari bustanini na yeye atafua mapazia. Kila kitu kilikuwa mahali pake na kilikuwa kinamngoja kwa utulivu, na utulivu huo ulimtisha kuliko Vaasa. Akainuka. Hakuvaa koti.

Mjini palikuwa pamefurika. Kila aliyewahi kumaliza sekondari, awe kijana wa jana au bibi wa miaka tisini, alikuwa ametoa kabatini kofia yake nyeupe ya wahitimu, na barabara nzima ilikuwa nyeupe vichwani. Watu walimpiga vikumbo, wakamtakia heri ya Vappu, mmoja akammwagia kinywaji kwenye kiatu. Heini alisimama juu ya ukingo wa chombo cha maua kama mtoto, akatafuta. Jouni hakuwahi kuwa na kofia nyeupe. Yeye alitoka shule ya ufundi akaingia kiwandani. Katika weupe wote ule kilikuwako kichwa kimoja cha kijivu, na kilikuwa karibu na kituo cha basi.

"Jouni!"

Aligeuka. Alimwona bila koti, viatu vya ndani miguuni, na kwanza akafanya ilivyo tabia yake: akavua koti lake. Kisha kama aliyekumbuka kwamba amekasirika, akabaki amelishika tu.

"Utaugua," alisema.

"Niulize tena."

"Hapana."

"Niulize kwa mdomo. Nitajibu sasa hivi."

"Utajibu kwa sababu unalia na mimi naondoka. Mtu akilia hujibu lolote." Akamwekea koti mabegani, bila kumkumbatia, akarudi hatua moja. "Nimeshauliza mara moja, Heini. Kwetu mtu huuliza mara moja. Wewe ndiye uliyebaki na swali, umeliandika mwenyewe."

"Unaondoka lini?"

"Keshokutwa. Cheti watanitumia."

"Na mimi nifanye nini?"

Basi likafika, likafungua milango. Watu wenye kofia nyeupe wakashuka wakicheka, wakawapita kulia na kushoto. Jouni alimtazama kwa muda, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka na bado anapenda, na hajui kama afurahi kwa hilo.

"Niandikie," alisema.

"Nitakutumia ujumbe leo hii."

"Si ujumbe. Barua. Kwa mkono, kurasa nne, kama nilivyoandika mimi. Usikae nyuma ya kitenzi. Niambie nani anakwenda wapi na kwa nini, na kama haendi, uniambie nani haendi." Akapanda ngazi moja ya basi. "Nitaisoma mwenyewe, neno kwa neno. Nikiona umekomaa, nitakuambia."

Hakutabasamu aliposema hivyo. Heini alimtafutia tabasamu usoni na hakuliona.

"Na nikikosea?"

"Utakosea," alisema Jouni, na mlango ukafungwa.

Heini alirudi chuoni peke yake, ndani ya koti lililomzidi mikono. Mlinzi alikuwa anafunga. Alimwomba muda wa saa mbili, akasema ana kazi ya kusahihisha. Kabatini alitoa karatasi moja ya mtihani, ya mistari, iliyokunjwa. Akaiweka mezani. Penseli ya kijani akaifungia kwenye mtoto wa meza.

Alikuwa amewafundisha mamia ya watu namna ya kuanza. Aliwaambia waanze katikati, waanze na wanachokijua, waandike ovyo kwanza na waogope baadaye. Hakuna hata moja lililomsaidia. Mji mzima ulikuwa unaimba nje ya dirisha, mwanga wa jua ulikuwa mwingi na hauna haraka ya kwenda, na yeye alikuwa amekaa mbele ya karatasi tupu akiwa mpweke kuliko siku zote za maisha yake, maana sasa alijua hasa anamkosa nani, na mtu huyo yuko kwenye basi gani.

Ilipofika saa kumi kasorobo akaandika. Herufi zikapanda mlima. Sentensi ya kwanza ilianza na neno "mimi", ikawa ndefu mno, ikakosewa mahali pawili. Aliyaona makosa yote mawili. Akayaacha, akaandika ya pili.